Kisu Kina Mgongo

4 Machi

Mvua ya kwanza leo, na paa la karakana limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya magunia ya makaa. Mwaka mzima nimemwambia mwenye nyumba. Anajibu, "Nimekusikia, mama," kana kwamba kusikia ndiko kuziba.

Mteja wa asubuhi alileta panga la kutiwa mpini. "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. "Hapana, fundi mwenyewe." Nina nyundo mkononi, aproni ya ngozi kifuani, jasho mpaka kwenye kope! Nikamwonyesha Baba, aliyekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango. "Mwenyewe yule pale. Haoni. Mpe panga lako." Akaniachia mimi.

Macho ya Baba yamekwisha, huu mwaka wa nne, lakini kila asubuhi namshika mkono tunakuja karakana pamoja. Hakuna chombo kinachotoka humu bila kupita mikononi mwake. Hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya riveti za mpini, na ukucha ukikwama, kazi inarudi kwangu. "Riveti ya fundi haisikiki," husema. Nina miaka arobaini na mmoja na bado narudishiwa kazi kama mtoto wa chekechea.

Saa tano alikuja wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Akasimama mlangoni na mwavuli, akataka tuzungumze. Nilikuwa na chuma motoni tayari kuzimishwa majini, na chuma hakimsubiri mtu. Nikamwambia aje siku nyingine. "Ni jambo la nyumbani, wifi," akasema. Nikamjibu kila nyumba ina mambo yake, avumilie. Akafungua mwavuli akaondoka. Chuma chenyewe kikapasuka vilevile, nikatukana mpaka Baba akakohoa.

7 Machi

Kitinda amekuja. Ndiye mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba. Jina limeanza tangu yuko tumboni na halijamtoka, ingawa sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, fundi makochi, mwenye ndevu na karakana yake. Alileta kile kisu cha kukatia sponji nilichomfulia mwenyewe alipoanza kazi. Ncha imekatika.

"Kifupishe, dada, unichongee ncha mpya. Na huu mgongo nao utie makali."

"Makali pande mbili ya nini?"

"Sponji. Kikienda kinakata, kikirudi kinakata."

"Kisu kina mgongo, Kitinda. Kidole utaweka wapi?"

"Dada, wewe unafua vyuma, mimi natengeneza makochi. Kila mtu na kazi yake, bwana."

Baba akacheka kule kwenye kigoda. "Mfanyie mtoto."

Mtoto! Watu sita walikuwa wamejibanza chini ya paa wakisubiri zamu, maji yanatudondokea kisogoni, na yeye amewaruka wote akasimama mbele kama mwenye nyumba. Kwa hasira, ili aondoke tu, nikawasha grainda. Robo saa nikawa nimemaliza. Grainda ilipokula pande zote mbili, uti ukajitokeza wenyewe katikati ya bapa. Akakinyakua kikiwa bado cha moto, hata mkononi mwa Baba hakikupita. Shukrani ya punda ni mateke. Hakusema hata asante.

Mlangoni akageuka. "Mke wangu kaenda kwao tangu juzi. Kakasirika." Akasema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

9 Machi

Komeo la shaba la mlango wa stoo ya nyumbani limeng'olewa. Lile la rangi ya kijani, alilolifunga Baba mwaka tuliohamia. Nimeuliza nyumba nzima. Baba anasema labda panya. Panya wa kula shaba! Nimefunga mlango kwa waya.

12 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Nimenoa mikasi ya mshonaji kwa mkono na kwa hasira.

14 Machi

Wamemkamata Kitinda.

Habari imeletwa na Shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili na huu ni mwaka wa sita. Aliingia karakana analia, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Kitinda amekamatwa jana jioni nje ya lango la mama mkwe wake. Wamempekua, wakakuta kisu ndani ya soksi. Askari wameandika kwamba ni jambia.

Jambia! Nilicheka kwanza, ndipo nikakasirika. Kisu cha sponji! Mtu ametoka kazini na chombo chake, amekwenda kumwomba mkewe arudi, amekutana na askari. Na nani aliyewaita? Mke wake huyohuyo, kwa mujibu wa Shangazi. "Nyoka," Shangazi alisema. "Tumemlisha nyoka kwenye sahani zetu."

Nami nikaitikia. Nimeandika hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuitikia.

Baba alikuwa na tupa yake ya kusugulia chuma. Akawa anaigeuzageuza tu mikononi. Nilidhani ni uchungu wa mzazi.

15 Machi

Kituo cha polisi. Benchi, saa tatu nzima. Koplo anayeshughulika na jambo hili ana kikombe kimeandikwa "Mkubwa", nacho hakioshi.

"Afande, mimi ndiye niliyekitengeneza hicho kisu. Si jambia."

"Kina makali pande mbili, mama."

"Sime nayo ina makali pande mbili, watu wanafyekea vichaka. Hicho kina kinga?"

"Kinga gani?"

"Kinga ya mkono! Kipande kinachokaa kati ya mpini na bapa. Jambia lina kinga. Changu hakina."

"Mimi sijui kinga, mama. Najua ncha." Kielelezo kimetiwa mfukoni, mfuko umepigwa lakiri, na lakiri haifunguliwi kwa ajili ya mhunzi. Nikamwambia mtu asiyejua tofauti ya jambia na kisu asiandike jambia. Akafunga jalada.

"Wifi yako amefika hapa mara tatu mwezi huu," akasema. "Mara mbili tulimwambia arudi nyumbani, ni ugomvi wa ndoa. Mara ya tatu nikasema hapana. Sasa na wewe unanifokea."

Nilimfokea hata hivyo.

20 Machi

Nimekutana na wifi kwenye foleni ya duka la dawa. Nilikuwa nimemchukulia Baba matone ya macho ambayo hayasaidii kitu. Watu walikuwepo, na mimi sikujali watu.

"Umefurahi?" nikamwuliza. "Mume yuko rumande, analala sakafuni na maji yanaingia. Umefurahi?"

Hakupandisha sauti. Alikuwa amejifunga mtandio kichwani mpaka shingoni, na alipogeuka ukasogea, nikaona alama chini ya sikio, ya manjano, ya siku nyingi.

"Wifi," akasema, "nilikuja kwako kwanza. Kabla ya polisi, kabla ya mama yangu. Ulikuwa na chuma motoni."

Nikageuza chupa ya matone mkononi.

"Na hicho kisu. Umekiona tangu kilipotoka kwako?"

"Nakijua. Ni kazi yangu."

"Haya," akasema. "Mimi nimekiona." Mwenye duka akamwita, akachukua dawa zake, akapita bila kunigusa.

Nilirudi karakana nikavunja jembe la watu kwa kulipiga likiwa limepoa. Sijui nimemkasirikia nani.

26 Machi

Wakili amekuja karakana. Kijana nadhifu, ameruka madimbwi kama paka. Anasema kesi yote imesimama juu ya neno moja. Kisu cha kazi, mtu haulizwi sana. Jambia hadharani ni kifungo, maana halina kazi ya halali. "Kwa hiyo, dada fundi, utanifundisha mimi, halafu utaifundisha mahakama. Jambia ni nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Baba akaanza. Somo ni lile alilonifundisha nikiwa na miaka tisa, vyombo vimepangwa kwenye meza, nimefumba macho, na kila nikikosea napigwa kwenye vidole kwa mpini wa koleo.

"Weka kidole gumba, utafute mgongo. Panga lina mgongo, na uzito wake uko mbele, kwa sababu linaangushwa. Mundu umepinda ili uvute. Kisu cha jikoni kina mgongo, kidole cha shahada kinalala juu yake, ndipo unapata nguvu ya kukata. Sime haina mgongo, kweli, lakini imetanuka kuelekea mbele, inaangushwa kama panga. Jambia ni jingine. Fupi, jembamba, makali huku na huku, uti umepita katikati lisipinde likikutana na mfupa. Na lina kinga. Kwa nini kinga? Anayekata, mkono wake unakwenda chini. Hauna haja ya kinga. Mkono unaokwenda mbele ndio unaoteleza ukapanda juu ya makali. Jambia si kisu kikali zaidi. Wembe ni mkali kuliko jambia. Jambia ni chombo chenye kazi moja."

Wakili aliandika kila neno. "Kisu hiki hakina mgongo, lakini hakina kinga," nikamwambia. "Umeshinda."

"Wakikuuliza habari ya kinga," Baba akasema, "sema ni ya kuzuia mkono usiteleze kwa gundi."

"Kinga gani, Baba? Kisu changu hakina kinga."

Akapapasa fimbo yake. Mvua ilikuwa inapiga mabati. "Nimesema wakikuuliza," akasema.

2 Aprili

Mahakamani. Koplo hakufika, barabara imekatika. Imeahirishwa.

5 Aprili

Makaa yameloa yote. Mwenye nyumba amenisikia.

9 Aprili

Mahakamani. Hakimu anaumwa. Imeahirishwa. Shangazi anasema ni dua za wifi. Nimemwambia anyamaze, akasusa chakula mpaka jioni, kisha akala cha watu wawili.

16 Aprili

Naandika tangu nimerudi, chai imepoa mara mbili.

Hakimu ni mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Koplo alipanda kizimbani na kusoma maelezo yake. Wakili akainuka.

"Afande, jambia ni nini?"

"Ni kisu... ambacho mtu akikiona anaogopa."

Watu wakacheka. "Wembe wa kinyozi haukuogopeshi?"

"Unategemea na kinyozi."

Wakacheka zaidi, mpaka Kitinda mwenyewe pale kizimbani alipokaa. Hakimu hakucheka. Alivua miwani. "Mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa sababu koplo ameogopa. Aliyekitengeneza chombo hiki yupo?"

"Yupo, mheshimiwa," wakili akasema, anang'aa uso, "na ndiye mwalimu wetu leo."

Nikapanda. Nikaapa. Baba alikuwa kwenye benchi la mbele na Shangazi, fimbo katikati ya magoti. Wifi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na mama yake. Nilitembea kifua mbele. Nilikuwa nimejiandaa kumpa koplo somo ambalo hatalisahau.

Karani akakata lakiri, akakiweka mezani juu ya gazeti.

Bapa lilikuwa langu. Nililifua kwa springi ya lori, naijua hata rangi yake. Lakini kati ya bapa na mpini palikuwa na kipande cha shaba kimekaa kama mikono miwili iliyonyooshwa. Kinga. Imepimwa, imekunjwa ncha kidogo kuelekea mbele, imesuguliwa. Kwenye kona moja, ndani ambako tupa haifiki, palikuwa na rangi ya kijani.

Komeo la stoo.

Nikaomba ruhusa ya kugusa. Karani akasogea pembeni. Kinga ilikuwa imeshikwa kwa riveti mbili. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba. Haukukwama. Nikarudia. Haukukwama. Katika mji huu kuna mkono mmoja tu unaolaza riveti hivyo, nao ulikuwa umeshika fimbo hatua sita kutoka nilipo.

"Shahidi," hakimu akasema, "hiki ni kisu, au ni jambia?"

Nilimtazama Baba. Haoni, lakini alikuwa amegeuza uso pembeni kama anayeona. Nikafungua mdomo, na papo hapo mvua ikashuka. Si mvua, ni kama mtu amemwaga lori la kokoto juu ya mabati. Hakimu akaweka kiganja sikioni. Nikasema kitu, mimi mwenyewe sikujisikia. Karani akatikisa kichwa. Tulikaa hivyo robo saa, mimi nimesimama, lile dude mezani, watu wote wananitazama mdomo. Kisha maji yakaanza kuingia kwa chini ya mlango, na hakimu akaandika: tarehe thelathini.

Nimerudi nyumbani na jibu mdomoni.

17 Aprili

Nilimngoja Baba anywe chai. Sikutaka aseme nimemkosesha chai.

"Baba, komeo la stoo limeliwa na panya gani?"

Aliweka kikombe chini, akapapasa meza mpaka akakipata tena.

"Alikuja siku ile uliyoshinda sokoni kununua makaa," akasema. "Alinililia. Alisema mkono unateleza kwa gundi."

"Na wewe ukaamini?"

Akasukuma kikombe pembeni.

"Ulikigusa, Baba. Mimi unanirudishia mpini wa jembe kwa riveti moja. Ulikigusa kile kitu, ukatafuta mgongo, hukuupata. Ukajua ni nini. Vidole vyangu vimevimba utoto wangu wote kwa sababu ya somo hilo. Ukajua, na ukakaa ukapima, ukakata, ukapiga tupa, siku nzima. Hukuwa na haraka!"

"Ni mtoto wangu."

"Na wifi ni mtoto wa nani?"

Shangazi akatokea jikoni. "Wewe mtoto, huyo unayemfokea ni baba yako!" Nikamwambia najua ni baba yangu, ndiyo maana ninafoka.

Baba alikuwa analia, machozi ya jicho lililokufa, hayana tofauti na ya jicho zima. Akasema anazeeka. Akasema Kitinda hajawahi kumwomba kitu cha chuma maisha yake yote. Siku ile alimwomba, akajisikia fundi tena. Mimi nilikuwa nimemfanya fundi wa kupapasa riveti.

Basi kosa likawa langu pia! Nilitoka nikaenda karakana nikafua misumari ambayo hakuna aliyeiagiza. Nilifua misumari hamsini. Na kila nilipoinua nyundo nilikumbuka kwamba kinga ni ya Baba, lakini makali ya pili ni yangu. Mimi pia nilijua. Nilimwuliza kidole ataweka wapi. Mtu haulizi swali hilo kama hajui. Niliuliza, kisha nikawasha grainda, kwa sababu paa lilikuwa linavuja na nilitaka aondoke.

19 Aprili

Mvua. Baba hakuja karakana.

20 Aprili

Mvua. Baba hakuja.

22 Aprili

Shangazi ameleta ndugu watatu wa ukoo kunisihi. Damu nzito kuliko maji, wakasema, kila mmoja kwa zamu yake. Nikawauliza ni damu ya nani wanayoizungumzia. Wakanywa chai wakaondoka.

25 Aprili

Nimekwenda rumande na mkate na sabuni. Kitinda amekonda. Nilipomwona mikono ilitaka kumshika kichwa kama alipokuwa na surua na mimi ndiye niliyemkanda. Nampenda mjinga huyu. Naandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inanikasirisha.

"Dada, siku ile ulitaka kusema nini?"

"Wewe ulitaka kufanya nini na ile kinga?"

Akatazama askari wa zamu, akashusha sauti. "Nilitaka aogope tu. Arudi nyumbani."

"Kinga haitishi mtu, Kitinda. Ndani ya soksi haionekani kabisa. Kinga ni ya mwenye kushika."

Akakunja uso, ule uso wa utoto wa kunyimwa sukari. "Wewe sema ni cha sponji. Basi. Mengine niachie mwenyewe nikitoka."

"Mengine gani?"

"Amenifunga mwezi na nusu, dada. Unadhani nitamwacha hivihivi?"

Akamega mkate akala. Alikula vizuri tu.

29 Aprili

Nimemwambia wakili: kesho nikiulizwa, nitasema nilichokigusa. Akacheka, akasema mashahidi wote huingiwa na hofu, nizungumzie sponji tu. Hakuna anayenisikia mpaka nipige kitu.

30 Aprili

Mbingu nyeupe, mvua hakuna. Asubuhi yote niliiomba inyeshe, Mungu anisamehe.

Baba alikuja. Nilimshika mkono kama kila siku, na hakuuondoa.

Hakimu akanikumbusha kiapo, akarudia swali lake. Kisu au jambia.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba uweke kidole gumba, utafute mgongo."

Wakili akasimama. Hakimu akamwashiria akae. Akavaa miwani, akashika mpini, akasogeza kidole gumba taratibu kwa upande wa juu, akakiondoa haraka. Akageuza. Akajaribu tena, akakiondoa tena.

"Hakuna," akasema.

"Kisu kina mgongo. Hapo ndipo mtu anapoweka kidole akikata. Hiki hakina pa kuweka kidole. Sasa shika kwa ngumi, mheshimiwa. Unaona mkono unavyofika kwenye shaba ukasimama? Ni kinga. Anayekata sponji haihitaji. Ni ya mtu anayesukuma mbele, asijikate akikutana na mfupa. Ni jambia."

Shangazi akapiga yowe. Kitinda alisimama, akasema, "Dada!" mara moja, akavutwa kukaa. Wifi nyuma alikuwa ameinamisha kichwa, mama yake amemshika bega.

Wakili sasa alikuwa mwekundu wa macho. "Shahidi, wewe si ndiye uliyekitengeneza? Ulitengeneza jambia?"

"Nilitengeneza kisu cha sponji. Tarehe saba Machi nikakifupisha, nikakichonga ncha, nikakitia makali upande wa pili. Niliona mgongo unakwisha chini ya mkono wangu na nikaendelea. Hilo ni langu."

"Na hiyo kinga? Nayo ni yako?"

Nilikuwa nimekesha na swali hilo wiki mbili. Nilikuwa na majibu matatu, yote ya uongo, na moja lilikuwa zuri kabisa.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni kazi ya fundi bora kuliko mimi. Ni ya baba yangu."

Hakuna aliyepiga yowe. Kalamu ya hakimu tu ndiyo ilisikika. Baba aliinua uso. Nilimngoja akanushe, kipofu, mzee, nani angemlaumu? Akasema kutoka pale pale kwenye benchi, bila kuulizwa, sauti yake ya kurudisha kazi mbovu: "Ni yangu."

14 Mei

Miaka mitatu. Baba amepewa onyo kwa sababu ya umri wake. Mimi nimepewa onyo na sikuambiwa ni kwa sababu ya nini.

Shangazi amefunga mizigo. Anasema hawezi kuishi nyumba moja na mtu aliyemuuza ndugu yake. Wiki zake mbili zimekwisha.

17 Mei

Wifi alifika karakana. Hakusimama mlangoni, aliingia mpaka kwenye fuawe, ninapolaza chuma nikipige. Nilikuwa na chuma motoni. Nikakitoa, nikakiweka chini kipoe, kiharibike kama kinataka.

Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi, nikashindwa na maneno. Yeye hakusaidia. Akatoa kisu cha jikoni mkobani, cha kawaida, butu kama ulimi wa Shangazi usivyo. Akasema cha mama yake, hakikati hata nyanya.

Nilikinoa kwa jiwe, kwa mkono, upande mmoja. Nikamrudishia mpini ukiwa mbele. Aliweka kidole cha shahada juu ya mgongo, akakitazama.

"Miaka mitatu si mingi," akasema.

"Si mingi," nikasema.

"Akitoka atakuja hapa kwanza."

"Aje."

Akafunga kisu ndani ya gazeti akaondoka. Hakunisamehe na sikumwomba.

21 Mei

Siku ya tano bila mvua. Mwenye nyumba amekuja kuziba paa, sasa!

Baba hajasema nami tangu mahakamani, ila "chumvi" na "asante". Leo nimefua komeo jipya la mlango wa stoo, la chuma, na kulifunga mwenyewe. Nilipokuwa naokota vyombo akaja akipapasa ukuta. Akalipata komeo. Akalisukuma, likaingia; akalivuta, likatoka. Kisha akapitisha ukucha juu ya riveti.

"Inakwama," akasema.

"Najua."

Alingoja niseme nitairudia. Miaka thelathini na miwili nimekuwa nikisema nitairudia.

"Nimeiacha hivyo," nikamwambia. "Ili mtu akigusa ajue kuna aliyeifanya."

Alisimama pale muda, ukucha unakwenda na kurudi juu ya riveti, unakwama, unakwenda, unakwama. Kisha akanyoosha mkono upande wangu. Nilikuwa bado na hasira, nina hasira hata sasa ninapoandika. Nikamshika, nikampeleka kwenye chai yake.